Kengele ya Ghorofa ya Nane

Kitanda kilikuwa kimeziba njia, na mwenye kitanda hakuwa na habari ya kuomba radhi.

"Niombe radhi ya nini?" alikuwa akimwambia muuza vocha aliyekuwa analalamika. "Wewe ulizaliwa juu ya dari? Kitanda kama hiki hiki ndicho kilichokupokea."

Watu wakaangua kicheko. Ilikuwa asubuhi, kwenye ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa kumi na mbili, saa ambayo kila mtu ana haraka ya kwenda kwingine: wafanyakazi wanatoka mbio na nywele zao zikiwa bado mbichi, wenye saluni wanafungua milango ya chuma kwa kishindo, wateja wa simu zilizovunjika vioo wamepanga foleni. Katikati ya vurugu hiyo kilisimama kitanda cha hospitali, godoro jeusi, vyuma viwili vya kuwekea miguu vimenyooka juu. Pembeni yake alisimama dada mwenye gauni la bluu la uuguzi, kola nyeupe imepigwa pasi ikakaa kama karatasi mpya, na miguuni raba nyekundu za kukimbilia.

Fundi wa lifti ndio kwanza alikuwa anaingia na mkoba wake wa vifaa begani. Aliziona raba kwanza. Alipoinua macho akaona uso, akasahau alikuwa anaelekea wapi.

"Dada, unakipeleka wapi?"

"Ghorofa ya nane. Lakini nimeambiwa lifti imekufa."

"Haijafa. Imelala."

"Basi nenda kaiamshe, uiambie mgeni amefika."

"Lifti za zamani haziamki kwa maneno."

"Zinaamka kwa nini? Kwa busu?"

Fundi akajikuta anacheka kwa sauti, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Ndani ya jengo lile alikuwa hajacheka kwa miaka miwili. Akatua mkoba, akawaita vibarua watatu waliokuwa wanapakua magunia nje, wakakiinua kile kitanda na kuanza kupanda ngazi. Muuguzi alitangulia mbele, anapanda huku anaongea kama mtu asiyehitaji pumzi.

"Nafungua chumba cha akina mama. Kupima mimba, uzazi wa mpango, saratani ya mlango wa kizazi, vyote humo humo. Hospitali kubwa ni basi mbili kwenda, basi mbili kurudi, na foleni mpaka jioni. Mwanamke ana watoto, ana kibarua, atapata wapi siku nzima ya kwenda kuambiwa arudi kesho? Nikasema, kama wao hawafiki, basi mimi nitapanda."

"Majengo yamejaa mjini. Kwa nini hili?"

"Hili tunajuana," akasema. "Na wewe je, uko hapa siku nyingi?"

"Si sana," akajibu fundi, na huo ulikuwa uongo.

Chumba kilikuwa kinatazamana na mlango wa lifti, ule mlango wa chuma wa kukunja ambao ukichungulia unaona shimo jeusi na kamba za waya zinazoning'inia. Walikuwa wanakitua kitanda chini pale kengele ya dharura ya lifti ilipolia. Ulikuwa mlio mkavu, mrefu, usio na pumzi, kama wa mtu aliyekibana kidole kwenye kitufe na hataki kukiachia. Vibarua waliacha kitanda kikiwa nusu ndani nusu nje, wakashuka ngazi wakipishana.

"Haya, lifti yako inanikaribisha," muuguzi alicheka.

Fundi hakucheka. Kengele ile alikuwa ameing'oa ukutani kwa koleo lake mwenyewe, miaka miwili iliyopita, na waya wake akaukata.

Mambo yalikuwa hivi. Siku moja ya mwaka ule alipanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa kupaka grisi kwenye kamba. Alikuwa ametundika kibao cha HATARI, MATENGENEZO ghorofa ya chini tu, kama mafundi wote wanavyofanya, kana kwamba watu hupanda tu wala hawashuki. Akazima swichi. Hakujua kwamba ghorofa ya kumi kuna mwanamke mwenye mimba ya miezi minane ameingia kwenye lifti, damu inamtoka. Lifti ikasimama kati ya ghorofa ya tisa na ya nane, na kengele ikaanza kulia. Fundi aliisikia. Akasema moyoni, watoto hao, kwa sababu katika kazi yake yote kengele za lifti zilikuwa zinachezewa na watoto. Akamaliza kupaka grisi, akala chakula chake bila haraka. Alipowasha swichi lifti ilishuka yenyewe mpaka chini, na yeye ndiye aliyeteremka akafungua mlango, akamkuta mwanamke yule ameshakufa. Wakubwa walipomhoji alisema, "Sikusikia kitu. Kengele ilikuwa mbovu." Wakaandika hivyo, mambo yakaisha. Kwake hayakuisha: aliing'oa ile kengele asiisikie tena, na lifti haikuwashwa tangu siku ile.

Lakini mapenzi hayaombi ruhusa. Wiki haikupita kabla hawajapeana namba, na mwezi haukupita kabla hajawa na kisingizio cha kupita ghorofa ya nane kila siku ya kliniki, mara bisibisi kaisahau, mara anakagua taa za ngazi.

"Bwana Kamba," muuguzi, aliyembatiza jina hilo kwa ajili ya kamba za lifti, alimpigia simu mchana mmoja, "umekula?"

"Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Sauti yako ya jana."

"Hiyo haina vitamini. Nenda kale, mpenzi, sitaki kuolewa na mifupa."

"Nani kasema unaolewa?"

"Ha! Nani kasema nakubali?"

Wakicheka hivyo dunia ilikuwa nyepesi. Fundi alimpenda kupita kiasi. Alipenda alivyowaita wanawake "roho yangu" huku anafunga mkono wao kwa mkanda wa mashine ya presha, alivyotandika kitanda kwa shuka safi kila anapoondoka mmoja, alivyotundika pazia ili anayepita koridoni asione kitu. Jioni wakiachana pale chini alitamani amwambie kila kitu. Kila siku alisema kesho.

Na kengele haikuwaacha. Baada ya siku ile ya kwanza ilikuwa hailii asubuhi wala jioni. Ililia mchana kweupe, saa ambayo koridoni hakuna mtu na jua linaingia dirishani likaishia katikati ya sakafu, na mara nyingi pale mwanamke anapolala juu ya kitanda. Wa kwanza alitoka mbio na khanga ya kliniki, viatu akaviacha. Wa pili alijikaza mpaka alipochungulia koridoni, akaiona lifti imesimama pale nyuma ya chuma, taa yake inawaka, sakafu yake imelowa kama imetoka kupigwa deki. Ile lifti ilikuwa haina umeme. Asubuhi hiyo hiyo fundi aliiona imesimama chini kabisa.

Habari zikapanda ngazi upesi kuliko mtu yeyote. Zikafika ghorofa ya kumi, kwa Mama Mapazia.

Huyu alikuwa mshona mapazia, mwanamke wa makamo mwenye pini mdomoni hata anapozungumza, na nusu ya madirisha ya jengo yalikuwa yamevaa kazi ya mikono yake. Alikuwa pia mama mzazi wa yule aliyefia kwenye lifti. Hakuna mwanamke wa jengo lile aliyefanya jambo bila kupita kwake kwanza.

"Mwanangu yuko mpweke," aliwaambia. "Anatafuta mwenzake mwenye mimba. Msiende kulala kwenye kitanda kile."

Wakaacha kwenda. Muuguzi alikaa kwenye kiti chake siku ya kliniki kuanzia asubuhi mpaka jua likahama dirisha, mikono mapajani, shuka haina hata mkunjo. Ofisi ya afya ilikuwa imetoa kile chumba kwa majaribio, na sasa wakampigia simu wakamwambia waziwazi: wanawake wasipokuja mpaka mwisho wa mwezi, kitanda kinashushwa, yeye anarudi hospitali kubwa.

"Fundi wangu," alimwambia huku amemshika kola ya ovaroli, "siombi dhahabu. Niulie ile kengele."

Angemwambia nini? Kwamba hakuna kengele ya kuua? Alipanda na tochi, akafungua mlango wa ghorofa ya tisa, akaegemea ndani ya shimo. Ukutani palikuwa na matundu manne ya skrubu na ncha mbili za waya, zimeachana kiasi cha kiganja, zimeota kutu. Alikuwa anazitazama ncha hizo pale mlio ulipoanza. Haukutoka juu wala chini. Ulitoka pale pale, mbele ya uso wake, mahali pasipo na kitu. Akanyoosha kidole akagusa waya, akahisi unatetemeka kama koo la mtu anayelia.

Aliposhuka muuguzi alikuwa amekaa juu ya kitanda, raba zake zinaning'inia.

"Nimeshindwa," fundi akasema.

"Kaa hapa." Akampigia godoro kofi dogo. "Nitakuambia kitu, usinicheke. Uliniuliza kwa nini jengo hili. Yule mama aliyefia kwenye lifti alikuwa na namba yangu. Nilimpa mimi, hospitalini, alipokuja mara yake ya kwanza na ya mwisho, akalalamika ni mbali. Siku ile alinipigia. Nikamwambia, ingia kwenye lifti, gari la wagonjwa linakungoja chini. Akaniuliza, ikikwama? Nikamwambia, ikikwama bonyeza kengele usiachie, atakuja mtu. Simu ikakatika. Baadaye nikaambiwa kengele ilikuwa mbovu. Nilimtuma mtu abonyeze kitu kilichokufa. Alikufa ananingoja mimi na uongo wangu, unaelewa? Kila nikifumba macho namwona kidole kiko pale."

Kumbe ule uongo wake mdogo, wa maneno matano, haukuishia kwenye faili la wakubwa. Ulikuwa umetembea mpaka hospitali kubwa ukaingia kwenye kifua cha mwanamke huyu, ukakaa humo miaka miwili. Akasema ameitwa jengo jingine, akaondoka bila mkoba wake.

Tangu siku hiyo hakupokea simu. Zilikuja asubuhi, zikaja mchana. Ikaja sauti aliyoirekodi, na fundi akaisikiliza akiwa amekaa chini jikoni kwake.

"Kama una mke, sema. Kama una wanne, sema. Kama nilikuchosha na habari za maiti, sema pia, mimi si mtoto. Lakini usininyamazie, Bwana Kamba. Kunyamaziwa siwezi."

Aliisikiliza mpaka akaijua kwa moyo. Kumwambia ukweli ni kumpoteza, hilo alikuwa na hakika nalo. Nani atampenda mtu aliyesikia akaendelea kula?

Kisha ikaja simu moja ambayo aliipokea, labda kwa sababu kidole kilichoka kukataa.

"Usikate," muuguzi alisema haraka. "Sikupigii kwa mapenzi, hayo yaweke kando. Kuna binti ghorofa ya kumi na moja, wanamwita Bi Harusi kwa sababu hana hata mwaka kwa mumewe. Mimba yake kubwa. Miguu imevimba, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli. Nimemwona mlangoni mara moja, wakanifungia. Ile ni dalili ya kifafa cha mimba, kitamwangusha siku yoyote. Hataki kushuka kwangu, hataki kwenda hospitali, kwa sababu Mama Mapazia kamwambia asisogelee ngazi za ghorofa ya nane. Mchana huu wanawake wote wako kwake wanapimiwa mapazia. Wewe ni fundi. Njoo uwaambie kengele ni hitilafu ya waya. Neno moja tu. Wewe watakuamini."

"Naja," akasema fundi.

Alipanda ngazi ghorofa kumi na hakusimama hata mara moja. Neno moja tu. Aseme hitilafu ya waya, binti apone, chumba kibaki, mpenzi wake amrukie shingoni. Ilikuwa rahisi hivyo. Angekuwa mumewe kabla mwaka haujaisha.

Sebule ya Mama Mapazia ilikuwa imejaa vitambaa na wanawake. Vitambaa vilining'inia kutoka darini mpaka sakafuni, vizito, vya rangi ya maini, na wanawake walikaa katikati yake ukaona nyuso tu. Bi Harusi alikuwa pembeni, uso umejaa, amefumba macho kwa sababu ya mwanga. Muuguzi alisimama mlangoni na gauni lake la bluu, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Hakumtazama fundi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama Mapazia akatoa pini mdomoni. "Nesi anasema una maneno."

"Ninayo, Mama." "Kengele haina hitilafu. Haipo. Niliing'oa mwenyewe, na waya nikaukata."

Wanawake wakashikana mikono. Muuguzi aligeuka akamtazama.

"Na siku ile ya marehemu," fundi akaendelea, kwa kuwa angesimama asingeanza tena, "kengele ilikuwa nzima. Ililia. Mimi nilikuwa juu ya paa, mimi ndiye niliyezima lifti. Niliisikia, nikadhani ni watoto wanacheza. Nikaendelea na kazi. Nikala. Kisha nikawaambia wakubwa kwamba sikusikia. Nilidanganya. Alibonyeza, Mama. Alibonyeza vizuri kabisa kama alivyoelekezwa. Aliyemwelekeza hakumdanganya. Aliyedanganya ni mimi."

Fundi alimtazama muuguzi, akaona kitu kikimtoka usoni na kingine kikiingia, na hakuweza kusoma chochote kati ya hivyo viwili.

Mama Mapazia aliuliza kwa sauti ndogo. "Alibonyeza muda mrefu?"

"Muda mrefu, Mama."

"Kumbe alitaka kuishi. Mimi waliniambia alizimia mara moja, hakujua kitu. Nikasema mtoto gani huyu anayekubali kufa bila hata kuniita? Nimemkasirikia miaka miwili, jamani. Kumbe alikuwa anaita."

Ndipo ikalia. Ndani ya sebule waliisikia wote, ikipenya kwenye vile vitambaa vizito, na vitambaa vikacheza ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Bi Harusi alifumbua macho na kushika kichwa chake kwa mikono miwili, na mlio ukazidi kadiri alivyokishika, mpaka vikombe vikagongana kabatini.

Muuguzi alikuwa wa kwanza kuona. "Haiiti mwenzake," akasema polepole. "Mama, tazama. Inalia kwa ajili ya huyu. Wale wawili waliokimbia kitandani kwangu, mmoja alikuwa na presha, mwingine na uvimbe, nilikuwa sijamaliza hata kuwaambia. Mwanao anafanya kile nilichomwambia. Anabonyeza mpaka mtu aje!"

Mama Mapazia alisimama, pini zikamwagika kutoka mapajani. Akaenda mpaka kwenye mlango wa lifti, akabana uso wake kwenye chuma cha baridi, akaita kwenye lile shimo. "Mama yako amesikia! Nakuja, mwanangu, namleta." Akarudi, akamshika Bi Harusi kwapani, na muuguzi akashika upande wa pili. Walimshusha ngazi, wanawake wote wanafuata, mmoja kabeba mkoba, mmoja viatu. Kengele iliwasindikiza ghorofa ya kumi, ya tisa, ya nane. Mashine ya presha ilipotoa namba zake, muuguzi alishika simu kuita gari. Alipomchoma Bi Harusi sindano ya kwanza, mlio ukakatika.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji jioni hiyo, mama na mwana wakapona.

Fundi alikuwa amebaki koridoni. Kabla ya hapo, muuguzi alipotoka kumsindikiza mgonjwa kwenye gari, alisimama mbele yake kidogo tu.

"Miaka miwili nimejilaumu," akamwambia. "Nilikuwa nakulalia kifuani, nakuamini, na wewe unanipapasa kichwa."

"Najua."

"Hujui." Akashuka.

Fundi alikwenda kwa wakubwa akabadilisha maneno yake, na mwenye jengo akamfukuza kazi papo hapo. Chumba cha ghorofa ya nane kilijaa mpaka wanawake wakawa wanakaa kwenye ngazi wakisukana, wakitaniana, wakingoja zamu. Mama Mapazia ndiye aliyesimamia zamu hizo, na ole wake aliyejaribu kupita mbele. Wanawake hao hao wakamwandama mwenye jengo atengeneze lifti. Akatafuta fundi mjini kote. Kila aliyeegemea ndani ya lile shimo alikunja vifaa vyake akaaga. Mwisho alimrudisha yule yule, shingo upande.

Alifanya kazi peke yake, siku nyingi. Akaweka injini mpya, kengele mpya, na kibao cha hatari kila ghorofa, juu mpaka chini. Muuguzi alipita mara mbili tatu na raba zake nyekundu bila kusimama. Fundi alimpenda vile vile, ikamuuma vile vile, na hakumpigia simu kwa sababu aliona hana haki hiyo.

Siku lifti ilipokamilika hakuna aliyethubutu kuipanda. Mchana simu ikalia.

"Fundi." Hakusema mpenzi, hakusema Bwana Kamba. "Imepona?"

"Imepona."

"Mimi nitapanda. Wewe uko wapi?"

"Juu. Chumba cha mashine."

"Kaa hapo hapo, mahali ulipokuwa siku ile. Nitaingia ghorofa ya kumi, nitaisimamisha katikati, nibonyeze. Sikupi onyo lingine. Nataka kusikia kwa masikio yangu kama unakuja."

"Nitakuja, mpenzi."

"Usiniite hivyo bado."

Simu ikakatika. Fundi alisimama kando ya injini, spana mkononi. Kamba zilianza kutembea, zikasimama. Upepo ulikuwa umetulia juu ya paa, hata nguo zilizoanikwa zilining'inia bila kutikisika. Kisha kengele ikalia.

Spana ilianguka na yeye hakuisikia ikigonga chini. Alishuka ngazi tatu tatu, akajigonga goti, akaamka, akafika ghorofa ya tisa akavuta mlango wa chuma kwa mikono yote miwili. Lifti ilikuwa imesimama chini kidogo, nusu yake tu inaonekana. Akalala kifudifudi na kuchungulia. Muuguzi alikuwa amesimama katikati ya kijumba, ameinua uso, mikono yote miwili ameificha nyuma ya mgongo. Uso ulikuwa umesawijika.

"Nimekuja," fundi akahema. "Umeona? Nimekuja, acha basi kubonyeza."

"Sijabonyeza," akasema.

Mlio ulikuwa unaendelea. Waliitazama wote wawili ile kengele mpya, kile kitufe chekundu kisicho na mkono juu yake.

"Nilikuwa bado nahesabu pumzi," muuguzi alinong'ona. "Nilipanga ukija nikubali, na usipokuja nihame mji."

"Ukubali nini? Sijakuomba kitu."

"Basi omba haraka, kuna mtu ana shida humu!"

Fundi alimpa mikono, akamvuta. "Nakuomba uwe mke wangu," akasema huku anamkokota juu ya ukingo, gauni la bluu likapakaa grisi kifuani. "Na kama bado una hasira, olewa nami na hasira zako."

"Ninazo, na nitakuja nazo." Akambusu upesi, pembeni ya mdomo, akakaa wima. "Nimekubali. Inuka, twende."

Wakaanza na ghorofa ile ile. Muuguzi aligonga milango ya kulia, fundi ya kushoto. Mzee mmoja akasema kwake kuna paka tu. Dada mmoja alitoka na povu la sabuni mikononi, mzima kabisa. Kengele ilikuwa inawasukuma mgongoni, na muuguzi akasema, chini, chini zaidi. Ghorofa ya saba mlango wa mwisho haukujibiwa. Fundi aligonga tena, akasikia kitu kikikwaruza upande wa ndani, karibu na sakafu. Kitasa kikazunguka polepole.

Mwanamke alikuwa amekaa chini, kajiegemeza ukutani, gauni limemlowa kuanzia kiunoni. Simu yake ilikuwa mbali, juu ya meza ambayo hakuweza kuifikia. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, macho yamemtoka. Kengele ilikuwa imenyamaza.

"Nani kawaambia?" akauliza. "Nilikuwa hata sauti haitoki."

Muuguzi alikuwa tayari amepiga magoti kando yake, anamshika mkono, anamwita roho yangu. Fundi akavuka kizingiti akainama kumbeba.

"Tumesikia," akasema.